Je, wajua wataalamu hutambuaje kwamba mlo wa ng'ombe umekwisha?

Ng'ombe wa zizini huingiza kichwa horini, hutafuna kidogo, husukumwa na mwenzake, hurudi baada ya sekunde 40, huenda kunywa maji, hurudi tena, kisha hulala na kucheua kwa muda mrefu. Hori lenye kifaa cha kielektroniki huandika saa ya kila ziara, lakini halisemi kama ziara mbili ni za mlo mmoja au ni milo miwili. Kwa hiyo anayetaka kujua ng'ombe hula mara ngapi kwa siku hana budi kuweka mpaka kwanza: ni pengo la muda gani linalotenganisha mlo na mlo?

Kukisia dakika 20 ni rahisi, ila ukibadilisha kisio, idadi ya milo nayo hubadilika. Hesabu iliyozoeleka zamani ilichukulia kwamba uwezekano wa mnyama kuanza tena kula haubadiliki hata muda ukipita. Mwaka 1999, watafiti wa ulaji wa wanyama Bert Tolkamp na Ilias Kyriazakis walieleza kwamba dhana hiyo haifai kwa ulaji, kwa kuwa mnyama aliyeshiba sasa hivi hawezi kuwa na hamu sawa na aliyekaa saa nne bila kula. Kwangu mimi hiki ndicho kiini cha jambo lote, kwamba hesabu lazima iijue shibe.

Walipendekeza mapengo yageuzwe kuwa logariti, yaani yapimwe kwa uwiano badala ya tofauti ya sekunde. Hapo umbali kati ya sekunde 10 na 100 huwa sawa na ule wa kati ya 100 na 1,000, na mapengo mafupi hayarundikani tena upande mmoja. Histogramu, yaani mchoro wa nguzo unaoonyesha mapengo ya kila urefu ni mangapi, huonyesha vilima: kimoja cha mapengo ya ndani ya mlo, kingine cha mapengo ya kati ya milo, na pengine kidogo katikati, cha mapengo ya kwenda kunywa maji. Programu ya takwimu kama R hukadiria umbo la kila kilima, kisha mpaka huwekwa pale miteremko ya vilima hivyo inapokatana, kwani pengo la urefu huo lina uwezekano sawa wa kuwa la upande wowote.

Mpaka ukishapatikana, programu hurudia orodha ya ziara tangu mwanzo: ziara iliyofuata zile sekunde 40 hubaki katika mlo uleule, na ile iliyofuata kucheua hupewa namba ya mlo mpya.