Kusajili Delaware hakukuondolei kodi ya Minnesota

Ujumbe ni uleule kwenye magrupu ya wenzetu walioko Marekani: "Sajili kampuni Delaware, fanya kazi jimbo lolote, hulipi kodi." Si kweli. Msusi mwenye saluni Minneapolis, mji wa jimbo la Minnesota, viti viko pale, wateja wako pale, anafanya biashara Minnesota. Huko kampuni yake ya Delaware ni ngeni: lazima isajiliwe tena na ilipe kodi za huko, na Delaware nayo inadai ada ya mwaka. Anabeba mizigo miwili! Watu huchanganywa na kampuni kubwa zilizosajiliwa Delaware, ambazo hasa huvutiwa na sheria na mahakama yake ya kampuni. Tafadhali msiusambaze ujumbe huo. Kabla ya kumlipa wakala, fungua tovuti ya usajili ya jimbo unalofanyia kazi, usome sehemu ya kampuni za majimbo mengine.