Picha imepauka? Tazama profaili kabla ya kuongeza rangi

Wanaoniletea picha za kusafisha hapa Mtwara mjini huja na lalamiko moja: kwenye kamera bahari ya Msimbati ilikuwa imekolea, kwenye kompyuta imepauka kama kanga iliyofuliwa mwaka mzima. Kamera inalaumiwa, au printa. Mimi hufungua kwanza taarifa za faili na kutafuta profaili ya rangi.

JPEG, faili la kawaida la picha, ikifunguliwa kila nukta huwa na namba tatu, za nyekundu, kijani na buluu, kuanzia 0 hadi 255. Namba peke yake hazitoshi, maana kuna vipimo vya rangi zaidi ya kimoja, na kijani 255 ya kipimo cha sRGB si kijani 255 ya kile cha Adobe RGB. Hiyo ya pili imekolea zaidi. Profaili iliyofichwa ndani ya faili ndiyo inayosema zisomwe kwa kipimo kipi.

sRGB ilitolewa na HP na Microsoft mwaka 1996 kwa ajili ya skrini za kawaida za wakati ule. Adobe RGB ya 1998 imepanuka hasa upande wa kijani na samawati, kule kule iliko bahari yetu. Display P3 ya Apple, inayotumiwa na kamera za iPhone tangu iPhone 7 ya 2016, imeongeza na nyekundu. Mabibo yaliyoiva hufaidi hapo.

Tatizo linaanza faili linapofika kwenye programu isiyosoma profaili. Hiyo huchukulia kila picha ni sRGB, na picha ya Adobe RGB inapauka palepale ingawa hakuna kilichoharibika ndani yake. Kamera za Canon EOS zinaongeza utata: ukichagua Adobe RGB, haziweki profaili ndani ya JPEG, huacha alama tu kwenye Exif, yaani maelezo ya upigaji yanayoandikwa na kamera ndani ya faili. Jina la faili ndilo litakalokushtua. Linaanza na _MG_ badala ya IMG_.

Programu za kuhariri picha kama Photoshop na GIMP zina amri mbili ambazo watu huzichanganya kila siku. Kubandika profaili hakugusi namba. Kunabadilisha namna zinavyosomwa. Kubadilisha kwenda profaili nyingine hugeuza namba ili rangi ibaki ileile machoni. Kwa hiyo faili la _MG_ libandike Adobe RGB kwanza, kisha libadilishe kwenda sRGB, ndipo ulitume. Ukilibandika sRGB moja kwa moja, umeuhalalisha upaukaji. Samawati iliyovuka mpaka wa sRGB itapunguzwa, hilo halina ujanja, basi tunza faili la asili. Na usiifute profaili eti upunguze ukubwa. Ya sRGB huwa na takriban kilobaiti 3 tu.

Kwa harusi na unyago, ambako picha zote zitaishia kwenye simu za ndugu, piga sRGB tu. Anayepiga RAW, yaani faili ghafi la kamera lisilogeuzwa kuwa JPEG, asihangaike na chaguo hilo kwenye kamera: haligusi data ya RAW, ataamua akifika kwenye kompyuta.