Samadi si cheti cha kuzaliwa

Nimetumiwa tena picha ya mchoro wa Mithila, eneo la mpakani mwa India na Nepal, na maneno ni yale yale: huu ni wa kale, wa tangu enzi za Sita na Rama, wale wa utenzi wa Ramayana. Ushahidi? Karatasi ina rangi ya udongo. Jamani.

Kazi yangu ni kuhifadhi michoro ya karatasi, na ya Mithila naishika mara kwa mara. Hiyo kahawia si uzee. Ni gobar: samadi ya ng'ombe imekorogwa na maji, ikachujwa, ikapakwa kwenye karatasi mpya kabisa. Kuta za udongo za kaskazini mwa Bihar, India, na ng'ambo ya mpaka huko Janakpur, Nepal, zimesiribwa kwa samadi tangu zamani, sibishi. Ila kuihamishia kwenye karatasi ni kazi ya wanawake wa Kidalit, na anayetajwa zaidi ni Jamuna Devi. Wadalit ni watu waliosukumwa chini kabisa ya ngazi ya matabaka, na Wadusadh ni miongoni mwao. Waliingia kwenye karatasi miaka ya 1970, baada ya mwanaanthropolojia Mjerumani, Erika Moser, kuwahimiza wachore mambo yao wenyewe. Chano Devi akachukua godna, tatuu za mwilini mwa wanawake wa kwao, akazipanga safu kwa safu: watu wadogo, miti, ndege, na Raja Salhesh, shujaa wao, katikati. Kwa hiyo ile kahawia inayokufanya uone ukale ndiyo inayokuonyesha upya.

Historia ya karatasi yenyewe ni fupi. Tetemeko la Januari 1934 lilibomoa nyumba, ofisa wa kikoloni W. G. Archer akaona michoro ndani ya vyumba vilivyopasuka, na mwaka 1949 akaiandikia makala. Ukaja ukame wa 1966-67. Bodi ya kazi za mikono ya India ikamtuma Bhaskar Kulkarni na karatasi, ili wanawake wachore wauze wapate chakula. Hapo ndipo vitabu vingi vinapoanzia, nami husema hivyo hivyo nikiwa na haraka. Lakini tarehe hiyo hainikai sawa. Archer alikuwa tayari amekusanya michoro ya karatasi, vielelezo ambavyo familia zilitunza ili harusi ikifika mtu akumbuke kohbar, mchoro wa ukuta wa chumba cha maarusi, inapangwaje. Karatasi ilikuwepo. Kilichokuja na ukame ni mnunuzi.

Sasa rangi, maana hapa ndipo watu wanaponichosha. "Ni rangi za asili?" Manjano ya bizari, masizi ya taa, nili, unga wa mchele, vyote vimetumika na vinatumika. Lakini chukua bharni, mchoro wa kujazwa rangi, ya miaka ya 1970 yenye waridi kali, gusisha pembeni kipande cha pamba chenye unyevu kidogo: pamba inarudi imekuwa waridi. Ni poda ya sokoni. Mwenye mchoro ananuna kana kwamba mimi ndiye niliyeipaka. Mchoraji aliona waridi linalowaka, akalipenda, akalinunua. Edward Tingatinga naye alichora Dar es Salaam kwa rangi za baiskeli, na hakuna anayemdai majani na mizizi. Tena huyo aliyekuuzia akikuapia kwamba rangi ni za mimea tupu, muulize amejuaje, kwa sababu mimi kwa macho matupu siwezi kuapa.

Kuna na lile jedwali la wauzaji, kila mtindo na tabaka lake: bharni, rangi za kujaza, ni ya Wabrahmin; kachni, mistari mitupu, ni ya Wakayastha; godna ni ya Wadusadh. Wachoraji Sita Devi, Mbrahmin, na Ganga Devi, Mkayastha, wanaingia humo vizuri mno. Wengine wengi hawaingii, hasa leo, ambapo binti wa tabaka lolote anajifunza mitindo yote mitatu. Kama mgawanyo huo uliwahi kuwa mkali ukutani kama unavyoandikwa, nina shaka. Na maana za kohbar, kwamba mwanzi ni mume na yungiyungi ni mke, zimesemwa sana na wageni. Wachoraji wenyewe mara nyingi husema ni mambo ya heri kwa maarusi, wakaendelea na kazi.

Mnaotaka "asili isiyobadilika" mnamkosa mtu kama Ganga Devi. Alikwenda Marekani, akarudi akachora vigari vya bembea vya kasi vikiwa vimejaa watu. Alipougua saratani akachora matibabu yake: hospitali, kitanda, madaktari. Yote kwa kalamu ya nibu, mistari miwili sambamba na vijistari vya kukatiza katikati, kwa mkono ule ule uliojifunzia kohbar.

Ukinitumia mchoro mwingine, piga picha nyuma ya karatasi pia. Jina na kijiji mara nyingi huandikwa huko. Na tafadhali, usiufute kwa kitambaa kibichi kwanza.