Alama ya kufuli haithibitishi uaminifu wa tovuti

Kwa miaka mingi watumiaji wa intaneti wamefundishwa, hata na benki zao, kwamba tovuti yenye alama ya kufuli kando ya anwani ni salama. Fundisho hilo lilikuwa na nia njema, lakini lilikosea jambo moja kubwa. Kufuli huonyesha kwamba mawasiliano kati ya kivinjari chako na tovuti yamefichwa yasisomwe njiani. Halisemi lolote kuhusu uadilifu wa aliye upande wa pili. Tapeli naye anaweza kupata cheti cha usimbaji, yaani hati ya kidijitali inayoiwezesha tovuti kuficha mawasiliano na kupata kufuli, na tangu huduma ya Let's Encrypt ilipoanza kuvitoa bure kwa umma mwishoni mwa 2015, hahitaji hata kulipa. Ndiyo maana mwaka 2023 Google iliiondoa alama hiyo kwenye kivinjari chake cha Chrome na kuweka nyingine isiyodokeza uaminifu.

Kinachostahili kusomwa ni anwani yenyewe, hasa sehemu iliyo kabla tu ya mkwaju (/) wa kwanza baada ya jina. Anwani inayoanza na benkiyetu.co.tz, kisha ikaendelea kwa nukta na jina jingine, ni mali ya mwenye jina hilo la mwisho. Macho nayo hudanganyika: mwaka 2017 mtafiti mmoja alisajili anwani kwa herufi za Kisirili, zinazotumika kuandikia Kirusi, ikaonekana katika baadhi ya vivinjari kama apple.com hasa. Programu ya kutunza nywila haihadaiki hivyo, kwa kuwa hulinganisha anwani na ile iliyohifadhiwa, herufi kwa herufi.