Ini likiishiwa na uvumilivu

Binti alikuwa na miaka 23, macho manjano kama binzari. Kabla sijamwuliza lolote, mama yake alishaanza kumtetea: "Daktari, mwanangu huyu pombe hata harufu yake haijui."

Namwelewa mama. Hapa Mombasa ukitajwa ugonjwa wa ini, watu hutazamana: ama mlevi, ama ana homa ya ini B, ama kafanyiwa kitu. Vipimo vya virusi vya B na C vilikuwa safi. Mahali walikoanzia alikuwa ametibiwa malaria mara mbili na taifodi mara moja, kwa kuwa alilalamika uchovu na maumivu ya viungo. Hedhi yake ilikatika miezi minne, na hilo hakuna aliyeliandika popote. Ajabu ni kwamba daktari wa Uswidi, Jan Waldenström, alishawaeleza wasichana wa namna hii mwaka 1950: wachanga, ini limevimba, hedhi imekoma, protini za kinga zimejaa kwenye damu.

Huu ni ugonjwa wa kinga ya mwili kulishambulia ini la mwili huohuo; kwa Kiingereza huitwa autoimmune hepatitis. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na umri wowote.

Ili uuelewe, anza na tabia ya ini. Karibu robo tatu ya damu inayoliingia inatoka tumboni, imebeba chakula kilichosagwa, vipande vya bakteria na mabaki ya dawa. Kama ini lingepigana na kila kigeni kinachopita, pilau ya harusi moja ingetosha kulivimbisha. Kwa hiyo limeumbwa livumilie. Lina chembe za kinga ambazo kazi yake ni kuwatuliza wenzao, mfano wa wazee wa mtaa wanaoamulia ugomvi. Ugonjwa huanza wazee hao wakipungua au wasiposikizwa.

Kwa nini wasisikizwe? Kwanza kuna urithi. Jeni za kundi la HLA hutengeneza kama sahani, ambayo juu yake seli huwaonyesha askari wa kinga vipande vya protini: hiki chetu, hiki kigeni. Aina fulani za sahani hukionyesha cha nyumbani kwa namna ya kutia shaka. Lakini wengi wenye jeni hizo huzeeka bila kuugua, kwa hiyo lazima pawe na kichokozi. Wakati mwingine ni virusi, kama vya homa ya ini A. Wakati mwingine ni dawa: nitrofurantoini anayopewa mtu wa maambukizi ya mkojo, au minosaiklini ya chunusi. Mara nyingi kichokozi hatukipati kabisa.

Kuna aina moja, inayowapata zaidi watoto, ambayo kinga hukishambulia kimeng'enya ambacho ini hutumia kuvunjavunja dawa. Sehemu ya kimeng'enya hicho inafanana na vipande vya virusi vya homa ya ini C. Umewahi kuwa sokoni Kongowea mtu akapiga kelele za mwizi? Mwizi keshakimbia, aliyebaki ana shati la rangi ileile, na watu hawaulizi. Ndivyo tunavyodhani mambo huenda humo ndani.

Mgonjwa wangu yeyote wa ini namwuliza pia kuhusu miraa na muguka. Wengine hucheka, wakidhani naleta siasa za ile amri ya kaunti ya 2024 ya kupiga marufuku muguka. Sina habari na siasa. Madaktari wa Uingereza wameandika juu ya watumiaji wa miraa walioingia hospitali na ini lililoharibika kwa sura hiihii, kingamwili zikiwa juu. Sisemi kila mtafunaji ataugua. Nasema ukishaugua, kwangu hutafuni tena.

Binti tulimchoma sindano ya kuchota kipande cha ini, chembamba kama uzi. Chini ya darubini niliona ninachokiona kila mara: chembe za kinga zimejipanga kwenye mpaka, pale mishipa inapoingilia nyama ya ini, zinakula ukuta kidogo kidogo kama mchwa kwenye boriti za nyumba kuukuu. Kila seli ikifa, kovu hukaa mahali pake. Makovu yakishikana kutoka mshipa hadi mshipa, ini hugeuka gumu lenye vinundu, ndiyo sirosisi, kisha tumbo hujaa maji. Haya yote yanaweza kwenda miaka bila maumivu. Karibu theluthi moja ya wagonjwa hufika kwetu sirosisi ikiwa imeshaingia.

Prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga, ilimrudishia rangi ndani ya wiki chache. Ikamjaza uso pia, na harusi ilikuwa karibu, basi akaiacha kimyakimya. Aliporudi, kimeng'enya cha ini kinachovujia damuni seli zake zikiumia, ambacho hakipaswi kuzidi 40 hivi, kilikuwa kimepita 600. Sikumgombeza. Ningekuwa bibi harusi, labda nami ningeiacha. Tulianza upya, tukaongeza azathioprini, dawa nyingine ya kutuliza kinga, ili kipimo cha prednisoloni kishuke, na nikamwambia dawa hizi hunywewa miaka, pengine maisha.

Mama akauliza kama mdogo wake binti naye apimwe. Nikamwambia asiye na dalili hatuna haja ya kumsumbua, ila magonjwa haya ya kinga hupenda kutembea ndani ya ukoo kwa sura tofauti: huyu ini, yule kisukari cha utotoni, mwingine tezi ya shingo.

Mama akanyamaza. Kisha akalegeza mtandio, akanionyesha kovu shingoni. Alipasuliwa rovu akiwa msichana, alisema, moyo ulikuwa ukimwenda mbio na macho yakamtoka.

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Si uliniuliza habari za ini, daktari?"