Anzeni na kikomo cha memori

Hapa Lubumbashi wengi wetu hatuna chumba cha seva. Tuna mashine moja yenye nguvu, ondulere (betri ya kushikilia umeme ukikatika) pembeni, na wateja kadhaa ndani yake: duka la dawa la komini yetu ya Kenya, shule ya komini ya Katuba, wakala wa forodha anayefuatilia malori ya mpakani Kasumbalesa. Kila mmoja anataka seva yake, basi tunampa kontena ya LXC, yaani sehemu ya mashine ya Linux iliyotengwa ionekane kama seva kamili. Akiingia, anajiona ndiye mwenye mashine; jirani hamwoni.

Kutomwona jirani ni kazi ya namespace, zilizoanza kuingia katika kerneli ya Linux (kiini cha mfumo kinachoendesha mashine) mwaka 2002. Kila kontena inapata prosesi zake, mtandao wake, mafaili yake. Ila namespace hazimzuii mtu kula. Wapangaji wa parseli moja hufunga milango yao vizuri, kisima kikabaki kimoja, na anayechota usiku kucha anawakausha wote. Wa kugawa maji, yaani prosesa na memori, ni cgroups, kazi iliyoanzishwa na wahandisi wa Google na kuingia katika kerneli 2.6.24 mwaka 2008. Mara nyingi naitwa kwenye mashine ambayo milango imefungwa lakini maji hayajagawiwa.

Prosesa hainisumbui sana. Ikigombaniwa, watu wanachelewa tu, na cpu.weight, inayopanga fungu la kila mmoja, inatosha. Memori ndiyo balaa. Ikiisha, kerneli inatafuta prosesi ya kuua, na pasipo vikomo inaweza kuua hifadhidata ya duka la dawa kwa sababu programu ya shule imevimba. Ukiiwekea kontena ya shule memory.max, yaani kikomo cha memori, ya gigabaiti 4, ikivimba itakufa ya shuleni. Weka pia memory.high chini kidogo, tuseme 3.5, ili kerneli ianze kuibana kabla mambo hayajafika kwenye kuua.

Hapo jihadharini na programu za lugha ya Java zinazoendeshwa kwa toleo la zamani. Kwenye cgroups za toleo la 2, zenye hiyo memory.max, kabla ya Java 15 ya mwaka 2020 (marekebisho yalifika pia kwenye 8u372 na 11.0.16), Java ilikuwa inatazama memori ya mashine nzima na kujiruhusu kutumia hadi robo yake. Kwenye mashine ya gigabaiti 64, hiyo ni 16, na kontena ina 4! Asubuhi inakwenda vizuri, mchana inauawa, na mteja anasema seva yako ni mbovu. Ipangie -Xmx, yaani kikomo cha memori inayojiruhusu, wewe mwenyewe.

Kisha umeme. Ukikatika mpaka ondulere ikaishiwa, siku unaporudi kontena zote zinataka kuamka pamoja: diski inazidiwa, programu zinaita hifadhidata ambayo bado haijasimama. Tumieni lxc.start.order kupanga zamu, na lxc.start.delay kuacha sekunde kadhaa katikati.

Kerneli bado ni moja kwa wote. Ndiyo maana kontena zangu hazina haki za juu: root (mtumiaji mkuu) wa ndani, kwa nje, ni mtumiaji namba 100000 tu, asiye na mamlaka yoyote. Mteja anayeruhusu watu nisiowajua wapakie programu zao simpi kontena kabisa. Huyo anakwenda KVM, yaani mashine pepe kamili, apate kerneli yake mwenyewe, na analipa zaidi, kwa sababu memori aliyokwisha kuishika kwa kawaida hairudi kwa wenzake hata akiwa amelala.