Je, wajua kwa nini msichana anayefaulu fizikia huiacha?

Nilipokuwa kidato cha pili, mwalimu wetu wa fizikia alirudisha karatasi za mtihani kwa kutuita majina, aliyeongoza akitangulia na wa mwisho akifunga orodha. Ikifika karatasi ya ishirini, darasa lilikuwa limeshaanza kucheka. Rafiki yangu, ambaye usiku wakati wa prepo ndiye aliyenifundisha mimi hesabu za mwendokasi, siku hiyo aliitwa wa ishirini na tatu. Alikuwa na 58. Chini ya alama, kwa wino mwekundu, paliandikwa maneno mawili: "Ongeza bidii." Tulipoingia kidato cha tatu alichukua masomo ya sanaa. Akiulizwa sababu, alijibu, "Fizikia si yangu."

Kwa madaraja ya Baraza la Mitihani la Tanzania, 58 ni C. Huyu binti alikuwa amefaulu. Nini basi kiligeuza kufaulu kuwa kutengwa na somo?

Tuanze na ile karatasi. Namba haimwambii mtu amekosea wapi. Chukua swali la gari linalokwenda kilomita 72 kwa saa kisha likafunga breki na kusimama baada ya sekunde 5: kasi yake ilipungua kwa kiasi gani kila sekunde? Mwanafunzi anayejua kanuni lakini akasahau kugeuza kilomita kwa saa kuwa mita kwa sekunde atagawanya 72 kwa 5, apate 14.4, na apigiwe mkasi mwekundu. Asiyejua kanuni hata kidogo naye atapigiwa mkasi uleule. Wa kwanza alibakiza hatua moja tu: 72 igeuke 20, na jibu liwe mita 4 kwa sekunde kwa kila sekunde. Angeandikiwa, "Kanuni ni sahihi, geuza vipimo kwanza kisha rudia," angejua kwamba fizikia anaijua. "Ongeza bidii" inamwambia kinyume, tena inamwambia mtu ambaye huenda alikesha.

Mwaka 1988 mtafiti Ruth Butler wa Israeli alichapisha jaribio lililogusa jambo hilihili. Wanafunzi waligawanywa makundi matatu: wengine walirudishiwa kazi zikiwa na maelezo tu, wengine alama tu, wengine vyote viwili. Waliopewa maelezo tu ndio walioendelea kupenda kazi na kuifanya vizuri zaidi. Waliopewa maelezo pamoja na alama walifanana na wale wa alama tu. Jicho likishaiona namba, maneno ya pembeni hayasomwi tena. Jambo hili lawahusu wavulana pia, lakini msichana anayeingia darasa la fizikia ameshasikia kwa wajomba, majirani na wakati mwingine walimu kwamba sayansi ni ya wanaume. Mvulana akipata 58 husema mtihani ulikuwa mgumu. Msichana akipata hiyohiyo 58, lipo jibu limeshaandaliwa kumsubiri.

Kuna pia ripoti ya mwisho wa muhula, na hapa ndipo mimi naona wazazi wengi tunakosea bila kujua. Mwaka 1986 Herbert Marsh, mwanasaikolojia aliyefanya kazi zake nyingi Australia, alieleza kwamba mwanafunzi hajilinganishi na wenzake peke yao, bali pia hulinganisha masomo yake yenyewe kwa yenyewe. Katika PISA ya mwaka 2018, upimaji wa kimataifa wa wanafunzi wa miaka 15, wasichana waliwapita wavulana katika kusoma kwenye kila nchi iliyoshiriki. Maana yake ni kwamba binti mwenye 65 ya fizikia mara nyingi ana 80 ya lugha mstari wa juu yake. Kaka yake ana 65 ya fizikia na 50 ya lugha. Uwezo wao wa fizikia ni mmoja, lakini ripoti inamwambia kaka kwamba fizikia ndiyo nguvu yake, na inamwambia dada kwamba ndiyo udhaifu wake. Siku ya kuchagua mchepuo kila mmoja anafuata alichosomewa sebuleni.

Na anayesahihisha je? Mtihani wa taifa huandikwa namba, si jina. Mtihani wa darasani mwalimu anajua mwandiko wa nani huo. Watafiti Victor Lavy na Edith Sand walilinganisha aina hizo mbili za alama katika shule za Tel Aviv. Pale ambapo walimu wa shule ya msingi waliwapendelea wavulana katika alama za hisabati, wasichana wa madarasa hayo hawakujiandikisha sana katika hisabati na sayansi za juu walipofika sekondari. Nchini Ufaransa, mtafiti Camille Terrier alikuta upendeleo ukielekea upande wa pili: wasichana waliopewa alama za hisabati kwa mkono mwepesi walisonga mbele zaidi na kuchagua sayansi zaidi. Sisemi alama zigawiwe kama sadaka. Nasema kalamu ile inafika mbali kuliko mwalimu anavyodhani.

Hata sheria ndogo za mtihani zina uzito. Chile walikuwa wakikata alama kwa kila jibu lililokosewa katika mtihani wa kuingia chuo kikuu, na wasichana waliacha wazi maswali mengi kuliko wavulana. Kanuni hiyo ilipofutwa mwaka 2015, pengo la maswali yaliyoachwa lilipungua kwa takribani asilimia 70. Wasichana hawakuwa wamejifunza jipya lolote. Waliondolewa tu adhabu ya kujaribu.

Lakini mahali panaponiuma zaidi ni maabara. Shule nyingi zina ammita, yaani kipimo cha mkondo wa umeme, mbili au tatu tu kwa darasa la watu hamsini, kwa hiyo watu hufanya kazi kwa makundi. Wavulana hushika waya na betri, msichana hupewa daftari kwa sababu "ana mwandiko mzuri". Mwalimu anasahihisha ripoti moja ya kundi, kundi linapata 9 kwa 10, na msichana naye anapata 9. Kwenye karatasi mambo ni mazuri. Siku ya mtihani wa vitendo wa kidato cha nne anasimama peke yake mbele ya ammita ambayo hajawahi kuiunganisha, mikono inatetemeka, na anajiambia kwamba ile 9 ilikuwa ya wenzake.

Nimewahi kukaa katika darasa ambalo mwalimu alibadili kitu kimoja tu. Aliacha kutoa alama ya ripoti ya kundi. Badala yake alipita mezani na kumwambia yeyote aliyemwona, "Ikate saketi, iunganishe upya, nisomee mshale unaonyesha ngapi." Wiki ya kwanza wasichana walirudi nyuma. Wiki ya tatu walikuwa wakisukumana kuifikia ammita kabla hajafika mezani kwao.